Siku Mwalimu Nyoni Alipoketi Benchi Letu

Mwalimu Nyoni alizikwa Nachingwea siku ya jua kali, na msemaji wa tatu ndiye aliyeninyanyua kwenye mkeka. Wawili wa kwanza walisema yale yasemwayo kwa kila maiti, kwamba marehemu alikuwa mpole, kwamba mlango wake haukujua komeo, nami niliwavumilia kama mtu anavyovumilia nzi msibani. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye koti, aliyesoma shule yetu miaka mingi baada yetu. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili akauliza, "Ndugu waombolezaji, nani hapa amewahi kuona mwalimu akivua viatu, akavaa kaptula ya mwanafunzi, akabeba debe, akakaa darasani siku nzima na wanafunzi wake, ili ajue shida zao? Huyu alifanya! Na baada ya siku hiyo watoto wa shule ile hawakuchota tena maji ya matofali!" Watu wakaguna kwa heshima. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu amlaze pema, baba wa watu." Nikatafuta ndara zangu. Binti yangu Zuhura, aliyenileta kutoka Ruangwa, alinifuata mpaka barabarani. "Baba, mbona hatujatupia udongo?" Nikamwambia, "Udongo wa Nachingwea ni mwingi. Hawatapungukiwa."

Najua kwamba maiti hasemwi. Ni desturi njema, na nimeishika kwa watu wengi wasiostahili. Lakini yule mwenye koti hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Nilikaa kushoto kwa Mwalimu Nyoni siku ile, benchi moja naye, na kulia kwake alikaa Selemani Mnjale, ambaye pale msibani hakuna mtu aliyemtaja. Kila walichokisema juu ya siku ile ni kweli. Alivua viatu, alibeba debe, na maji yalikoma. Hakuna uongo ninaouchukia kama ukweli wa namna hiyo, ukweli uliokatwa pale panapopendeza kama kipande cha kitambaa dukani, na kilichobaki kikasukumwa chini ya meza.

Mwaka ule mradi wa karanga wa Wazungu ulikuwa umekwisha kufa, na sisi tulisoma ndani ya mifupa yake. Darasa la sita lilikuwa banda la mabati lililopinda kama mgongo wa kobe, ambamo zamani walikuwa wakiweka vipuri vya matrekta. Sakafu ya saruji ilikuwa na madoa meusi ya oili ambayo hayakutoka hata tulipoyasugua kwa majivu. Jua likipanda, bati lilianza kulia juu yetu, tak, tak, kama mzee anayevunja vidole, na harufu ya dizeli iliyokufa ilipanda kutoka sakafuni ikakaa kwenye madaftari yetu, kwenye mashati yetu, hata kwenye uji. Kengele yetu ilikuwa sahani ya jembe la trekta iliyoning'inizwa kwa waya. Nje, ardhi nyekundu iliyong'olewa miti yote ilikwenda mpaka macho yachoke, na upepo wa kiangazi ulipovuma tulikohoa wote kama darasa lenye kifua kikuu. Wageni huniuliza kama tulikuwa na furaha. Tulikuwa na njaa, na tulikuwa na tamaa ya kujua, na vitu hivyo viwili vikikaa katika tumbo moja huwa havimwachi mtu apate furaha. Tulikuwa wakubwa pia. Siku zile mtu alifika darasa la sita ana sauti nzito. Selemani Mnjale, aliyetoka Narung'ombe, alikuwa tayari na masharubu, nasi tuliotoka kijiji cha Naipingo tulimwita kaka bila kuambiwa.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa akijenga nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Kila alfajiri darasa la sita tulishuka bondeni kisimani na madebe, tukapanda kilima, tukamwaga maji kwenye shimo la udongo. Mchana, katika vipindi vilivyoitwa kazi za mikono, tuliukanyaga udongo ule na kufyatua matofali. Na kwa kuwa kisima kilikuwa mbali na kiangazi kilikuwa kimekikausha, tulichelewa darasani, na mlangoni tulimkuta Mwalimu Mkuu yuleyule ameshika kiboko, akituadhibu kwa kosa la kuchelewa. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kwake, hesabu. Aliandika ubaoni akiwa ametugeuzia mgongo, akafuta kabla hatujamaliza kunakili, akasema, "Manamba hawahitaji kuelewa. Wanahitaji kunyamaza." Basi ikawa Selemani aliyesema tunyamaze kweli. Hakusema tugome, maana neno hilo lilikuwa la watu wa bandarini na lilikuwa likifukuzisha watu kazi. Alituambia bwenini, "Tutachota, tutakanyaga, tutapigwa. Lakini katika kipindi chake asijibu mtu. Akiuliza, wewe tazama ubao." Damiani, Mmakua wa Kilimarondo ambaye hata kwenye sala alikuwa na mzaha, akauliza, "Na akiniuliza jina langu?" "Tazama ubao." "Na akiniuliza ubao uko wapi?" Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Kesho yake hakucheka mtu. Mwalimu Mkuu aliuliza, tukatazama ubao. Akapiga, tukatazama ubao. Siku zikapita hivyo, na kiboko kikaanza kuchoka kabla yetu. Mwisho akasimama kwenye gwaride akasema kwamba kuna mtu mmoja aliyetufunga midomo, na kama hatampata mtu huyo kufikia mwisho wa juma, atalifunga darasa zima na kila mmoja atarudi kwao akalime muhogo.

Ndipo Mwalimu Nyoni akaja na wazo lake. Alikuwa kijana, hajatimiza mwaka tangu atoke chuo cha ualimu, Mngoni kutoka pande za Songea, akitufundisha jiografia kwa sauti nzuri iliyofanya mito ya mbali ionekane kama ipo nyuma ya banda. Tulimpenda kwa kiasi ambacho wanafunzi wenye njaa huweza kumpenda mtu mwenye viatu. Alfajiri ile tulimkuta nje ya bweni, miguu mitupu, kaptula ya kaki kama yetu, debe mkononi. "Leo mimi si mwalimu," akasema. "Leo ni mwanafunzi mwenzenu, tangu maji mpaka jioni. Nataka nione kwa macho yenu." Alitabasamu akisubiri. Hakuna aliyetabasamu. Damiani alininong'oneza, "Huyu katumwa." Kila mmoja wetu aliwaza hivyo hivyo. Siku za mwisho wa juma zilikuwa zimekaribia, jina lilikuwa linatafutwa, na sasa mwalimu amevua viatu.

Hatukumsaidia. Kubeba debe kichwani kuna namna yake. Unaweka majani juu ya maji ili yasiruke, unakaza shingo, unaacha kiuno kitembee peke yake. Hakuna aliyemwambia. Alipanda kilima maji yakimwagika masikioni, shati limegandamana mgongoni, na kila alipojikwaa tulimpisha kwa adabu kama watu wanaopisha jeneza. Alipofika shimoni debe lilikuwa nusu. "Mwalimu," mmoja akasema nyuma, si kwa sauti kubwa, "udongo wa leo utakuwa mkavu." Mlangoni mwa darasa Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika kiboko chake. Tulinyoosha mikono mmoja mmoja. Mimi nilipata changu, kikali, mpaka kwenye kifundo. Nyoni naye akanyoosha. Mwalimu Mkuu alimtazama, akatazama kiganja kile laini, kisha akakigusa kwa fimbo kama mtu anayefukuza inzi kwenye sukari. "Haya, mwanafunzi, pita," akasema, wakachekeana. Kicheko kile kifupi kilitosha. Nyoni alipokuja kuketi katikati yangu na Selemani, benchi zima lilisogea kidogo, mbao ikalia, na pakabaki nafasi kila upande wake. Hesabu ya siku ile ilihusu matangi ya maji yanayojazwa na kumwagwa. Nakumbuka kwa sababu hata mimi niliyeapa kunyamaza nilitamani kucheka. Mwalimu Mkuu aliuliza, tukatazama ubao. Nilimwona Nyoni kwa pembe ya jicho akijitahidi kufuata, penseli yake inakimbia, macho yanafumba kwa usingizi wa mtu aliyeamka kabla ya jogoo, na alipoinua kichwa hesabu ilikuwa imefutwa. Sura yake ilishtuka kweli. Sitamnyima hilo. Kwa dakika chache aliona tulichokuwa tukiona.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa muhogo na mbaazi, kila kundi na sinia lake, chini ya ukuta uliokuwa na kivuli chembamba. Ugali wa muhogo wa shule ulikuwa wa kijivu, unanata, unavutika kama gundi, na mbaazi zilikuwa na mchanga wa kutosha kujenga nyumba nyingine. Nyoni aliketi kwenye sinia letu. Tulikula kimya. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko wa darasani, kwa sababu huu haukupangwa na mtu. Damiani hakuweza kuuvumilia, ndiyo asili yake. "Mwalimu," akasema, "kwenu Songea mnakula muhogo?" Nyoni, mdomo umejaa, akajibu bila kufikiri, "Sisi kwetu mahindi. Muhogo tunawaachia..." Akasita. Selemani, ambaye hakuwa amemwangalia tangu alfajiri, akainua uso taratibu. "Mnawaachia nani?" Hakuna aliyetafuna. "Sema tu, Mwalimu. Mnawaachia nani?" Nyoni akamtazama, kisha nikaona kitu kikifunguka usoni mwake, kitu cha utotoni, cha nyumbani kwao. "Wamwera," akasema.

Yeye ndiye aliyeanza. Hilo nataka lijulikane. Kila mtu wa kusini anajua kwamba Mngoni na Mmwera ni watani, kwamba vita vya mababu viliwaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana chakula, kuambiana lolote mbele ya yeyote, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Lakini mwalimu hataniwi. Tangu Nyoni aje kwetu utani ulikuwa umekaa nje ya mlango wa darasa kama mbwa aliyekatazwa kuingia. Sasa yeye mwenyewe, miguu mitupu, ameketi chini kwenye sinia moja nasi, alikuwa amefungua mlango na kupiga mluzi. Selemani alinyoosha mkono, akalichukua tonge kutoka vidoleni mwake, akalichovya kwenye mbaazi, akalila. "Mngoni!" akasema. "Na tumekaa na wewe muda wote huu kama mtu! Babu yako alikula mbuzi wa babu yangu hakubakiza hata kwato. Hili tonge ndiyo kwato la kwanza kurudi." Ukuta mzima ulilipuka kwa kicheko. Masinia mengine yakageuka. Nyoni alicheka mpaka akakohoa. "Babu yangu alipofika kwenu," akasema, "hakukuta mtu wa kupigana naye. Alikuta milango wazi na uji jikoni, na wenyewe wote mko juu ya miti. Akasema, hawa watu ni wakarimu sana!" "Juu ya miti tulikuwa tunawachungulia," Selemani akajibu. "Tukaona wenzake wana mikuki, yeye kabeba debe la maji, linamwagikia masikioni. Tukaulizana, huyu naye kaja vitani au kaja kuoga?" Damiani alianguka chali. Hata waliomchukia asubuhi walikuwa wanafuta machozi, na nafasi mbili tulizomwachia Nyoni hata pale kwenye sinia zilijaa bila mtu kujua zilijaa lini.

Kisha Selemani akaacha kucheka, ingawa sauti yake haikubadilika. Hiyo ndiyo hekima ya utani. Ukweli hupita ukiwa umevaa nguo za mzaha, na askari wa mlangoni hausimamishi. "We Mngoni, mwizi mwana wa mwizi," akasema. "Babu yako alikuja mchana na mkuki, kila mtu akamwona. Wewe umekuja alfajiri na debe. Unataka kubeba nini humu?" "Mbuzi," Nyoni akasema. Selemani akajibu, "Mbuzi mlishamaliza. Umekuja kuiba jina." Upepo uliinua vumbi jekundu likatua juu ya ugali, na hakuna aliyelipangusa. Nyoni alipeleka mkono kwenye sinia, akakata tonge, akalishika bila kulila. "Na hilo jina, mtani," akasema polepole, "mmelificha wapi?" Alisema mtani. Neno lilitoka kinywani mwake mwenyewe, mkono wake ukiwa kwenye chakula chetu. Selemani akajipiga kifua. "Liko humu. Mimi ndiye niliyewafunga midomo hawa wote. Kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya kiboko cha maji, na kwa sababu mtu akikuita manamba kila asubuhi kuna siku utaamka umekuwa kweli. Hayo ndiyo uliyoyafuata? Yachukue basi. Uyaweke pamoja na mbuzi." Nyoni alimtazama. Macho yake yalikuwa na maji, na mpaka leo sijui kama yalikuwa mabaki ya kicheko. "Mtani hashtaki mtani," akasema, akalila tonge lake.

Alasiri ile tulimpenda. Naandika neno hilo na mkono wangu unakataa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliingia shimoni pamoja nasi akakanyaga udongo mpaka magotini, changarawe ikamchana wayo, akachechemea na kuendelea. Wamwera wote wa darasa walimtukana kwa zamu, wakimwita mla panya, mwana wa mlevi, Mngoni asiye na ngao, naye aliwarudishia kila tusi na riba yake. Damiani alilalamika kwamba Wamakua wameachwa nje ya sherehe. Mtu fulani alimwonyesha Nyoni jinsi ya kuweka majani juu ya debe. Matofali ya siku ile yalitoka mazuri, na nakumbuka nikiwaza, kwa ujinga wa kijana ambaye amecheka baada ya muda mrefu, kwamba labda hivi ndivyo mambo yanavyokwisha.

Jioni nilitumwa kurudisha vibao vya kufyatulia matofali kwenye stoo. Stoo na ofisi ya Mwalimu Mkuu vilikuwa banda moja lililogawanywa kwa bati tupu, na bati halijui siri. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya Mwalimu Mkuu, yenye kicheko. "Ehe, mwanafunzi. Umejifunza nini leo?" "Nimejifunza kwamba maji yanawaua, Mzee," Nyoni akasema. "Wanafika darasani wameshakwisha. Mimi mwenyewe hesabu yako sikuiona ilipopita." "Maji." "Ndiyo, Mzee. Na matofali. Mkaguzi akija akiuliza vipindi vyao vimekwenda wapi..." "Unanitisha, kijana?" "Sikutishi, nakuomba. Achia maji. Midomo itafunguka yenyewe." Nilishika vibao kifuani visigongane. "Nikiachia bure watasema wameniangusha," Mwalimu Mkuu akasema. "Mimi si mtu mbaya. Nipe mtu, niwape maji." "Mzee, aliyeniambia ni mtani wangu." "Ni nani wako?" "Mtani. Tumekula naye." "Wewe umesomeshwa na serikali miaka yote hiyo, unaniletea mambo ya vijijini ofisini? Basi nalifunga darasa. Warudi wote." Nilisikia Nyoni akipumua. Ilikuwa pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo. Kisha akalitaja jina. Alilitaja lote, Selemani Mnjale, kwa sauti ile nzuri ya jiografia, kama anavyotaja mto.

Watu niliowasimulia baadaye wamenijibu kwamba alibanwa, kwamba mmoja kwa ajili ya wengi ni hesabu isiyo na kosa. Nimeizungusha hesabu hiyo maisha yangu yote. Wale wengi nilikuwa mmoja wao. Nilimaliza shule kwa sababu ya jina lile, nikapata kazi, nikajenga, nikasomesha. Lakini jina halikuwa mali yake kulitoa. Alipewa mahali ambapo vitu havitolewi nje, na alijua, ndiyo maana alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba aliyempa jina ni mtani wake. Mtu asiyejua anachovunja ninaweza kumsamehe. Huyu alikitaja kwanza, ndipo akakivunja.

Nilimkuta Selemani nyuma ya bweni anamaliza kutawadha, maghribi inaingia. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. "Kaka, ondoka sasa hivi," nikamwambia. "Aga kwa mzee wa bweni, sema umeletewa habari ya msiba Narung'ombe. Ukiondoka mwenyewe shule nyingine itakupokea. Ukifukuzwa hakuna." Alijipangusa uso kwa pindo la shati. "Umemsikia kwa masikio yako?" "Kwa haya." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza masharubu yake yalionekana madogo, kama ya mtu aliyejichora kwa mkaa. "Nikikimbia," akasema, "nitakuwa nimesema kwamba tulichofanya pale kwenye sinia kilikuwa mchezo wa watoto." "Na ukibaki?" "Nikibaki itabidi anitaje nikiwa namtazama. Mngoni aliyekula na mimi hawezi." "Ataweza, kaka." "Basi akiweza," akasema akisimama, "nataka nimwone anavyoweza." Akaenda kuswali. Nilisimama pale na hasira ambayo nusu yake ilikuwa juu yake yeye, kwa kuamini kwake, na hasira ya namna hiyo haizeeki.

Asubuhi sahani ya trekta iligongwa na hatukupelekwa kisimani. Tulipangwa kwenye gwaride tukiwa wakavu, hatujui mikono yetu tuiweke wapi. Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba ameona mwenyewe uzito wa kazi yetu, na kwamba tangu leo darasa la sita halitachota maji ya matofali. Mnong'ono wa furaha ulipita mistarini, nikaona Damiani anaanza kucheka. "Na sasa," Mwalimu Mkuu akasema, "Mwalimu Nyoni ana jambo." Mwalimu Mkuu hakuwa amemwambia Nyoni kwamba atafanyishwa hilo. Nililiona hilo usoni pa Nyoni, na sikumwonea huruma. Alikuwa amevaa viatu. Alipiga hatua moja mbele akichechemea kwa ule wayo uliochanika, akatazama juu ya vichwa vyetu, kwenye ardhi nyekundu isiyo na miti. "Selemani Mnjale," akasema. "Mbele."

Selemani alitoka mstarini bila haraka, akaenda akasimama karibu naye mno, karibu kuliko mwanafunzi anavyosimama. Sote tulijua anachoruhusiwa. Angeweza kumtukana baba na babu, angeweza kumtemea mate kwenye kiatu, na desturi ingemlinda hata pale. Tulisubiri. Nadhani Nyoni naye alisubiri, hata alitamani, maana tusi lingekuwa na maana kwamba bado kuna kitu kati yao. Selemani aliinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtoto mwema aliyelelewa na wazee.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nyoni alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Gwaride zima lilikuwa linatazama midomo ile. "Itikia, Mwalimu," Mwalimu Mkuu akasema kwa kuudhika. "Umeamkiwa." Na Nyoni, uso umemgeuka rangi ya jivu, akasema, "Marahaba."

Selemani alibeba sanduku lake akashika njia ya Ruangwa kwa miguu, akiambatana na karani wa shule mpaka mwisho wa uwanja. Hakuna shule iliyompokea. Alilima Narung'ombe mpaka alipofariki, na mimi nilimzika. Asubuhi ile ile kipindi cha hesabu kilianza kwa wakati. Mwalimu Mkuu aliuliza swali, mikono ikanyooka, tukajibu. Maji yalikuwa yamekoma, mapigo yalipungua, na tulianza kuelewa hesabu, na kuelewa kule kulikuwa kuchungu kama mbegu ya mwarobaini. Lakini kwa Nyoni hatukurudi. Hatukupanga, na safari hii hakuna aliyetufundisha. Kila alipopita, Wamwera wa darasa lile walisimama wima, wakainamisha vichwa, wakamwamkia. Akiingia darasani, shikamoo. Akitoka, shikamoo. Akijaribu mzaha juu ya muhogo, tulimtazama kwa adabu mpaka mzaha ukafa ubaoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kupata heshima kama ile.

Karibu na mwisho wa mwaka nilikuwa peke yangu barazani nikipanga vitabu vya jiografia, akaja akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Alitazama kama kuna mtu mwingine karibu, kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, "Athumani. Wewe ni Mmwera. Nitukane basi, hata kidogo."

Nikaweka vitabu chini, nikasimama wima, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia, nikabaki hivyo mpaka alipoitikia.